Mguu wa Dotto

Matrida aliitwa kutoka Butiama mpaka ofisi moja ya serikali Musoma, aseme nani kati ya mapacha wake alitangulia kuzaliwa. Kulwa na Dotto, wasimamizi wa zamu, waliajiriwa siku moja, na pale mkongwe kazini ndiye huchagua kwanza siku ya mapumziko. Wote waliitaka Jumapili.

"Alitangulia Kulwa," Matrida alisema.

"Mama, ulikuwaga unasema mguu wangu ulitokeza kwanza!" Dotto akalalamika.

"Ulitokeza, ukarudi."

Bosi wao akakuna kichwa. "Sasa mguu kutokeza ni kuripoti kazini?"

Matrida aliona hawa watagombana mpaka wastaafu, akamgeukia bosi. "Baba, mimi na hawa, mkongwe nani?"

"Wewe, mama."

"Basi nachagua mimi. Jumapili wote wawili kanisani."

Bosi akaandika. Jumapili hiyo zamu aliishika mwenyewe.