Kutu ya Gobore la Baba Mkwe

Mama mwenzangu, kama kuna bunduki kuukuu darini kwako au uvunguni, imefungwa gunia kwa sababu ilikuwa ya marehemu fulani, usiiguse. Usiifute hata vumbi. Soma kwanza yaliyonikuta.

Ililetwa Jumanne na wifi yangu, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mafundi walikuwa wanabadilisha mabati ya nyumba ya marehemu baba mkwe, wakaikuta juu ya dari. Gobore, lile la zamani la kushindiliwa baruti mdomoni. Kutu ilikuwa imelila mpaka hujui chuma kinaanzia wapi.

"Haya, kaka," wifi akamwambia mume wangu, "wenzako wanarithi mashamba, wewe umerithi mkongojo."

"Mkongojo huu ndio uliokulisha nyama ukiwa na meno mawili."

Wakacheka. Mimi sikucheka. "Baba Chiriku," nikamwambia, "lipeleke polisi sasa hivi, na gunia lake."

"Nitalipeleka, mke wangu, ila si hivi. Hata maiti huoshwa. Niingie kituoni na chuma cha baba yangu kama chakavu, vijana wa pale wanicheke?"

Mume wangu ni fundi cherehani. Ana mafuta ya mashine, brashi ndogo na bisibisi za kila namna, basi akaona kutu ya gobore na kutu ya cherehani ni ndugu. Akafungua mbao za kitako, ukabaki mtutu wa chuma, akauloweshea matambara ya mafuta ya taa, akaanza kusugua. Wateja wanaulizia nguo zao, anawaambia kesho. Nyumba nzima inanuka mafuta ya taa.

Mimi raha sikupata tena. Naosha vyombo, naviacha, naenda kuchungulia. Nakaa, nasimama. Lile tundu la mbele kila wakati lilikuwa linamtazama mtu. Mezani lilimtazama mume wangu tumboni. "Ligeuze," nikasema. Akaligeuza, likatazama mlango, na mlangoni binti yetu anaingia kutoka shule. "Ligeuze tena." Likatazama dirisha, na ng'ambo ya dirisha jirani anaanika nguo.

"Sasa nilielekeze mbinguni?" akaniuliza. "Huko nako kuna malaika."

Binti yetu huyo ndiye Chiriku, miaka kumi na mmoja, hatuna mwingine. Jina alilipata kwa mdomo wake usiopumzika. Jumatano nilimkuta kaweka jicho kwenye lile tundu. "Baba, mbona sioni mwanga upande wa pili?" Nilimvuta kwa kola ya shati hadi vifungo vikaruka.

"Kutu imeganda ndani," baba yake akasema. Akanyoosha waya wa kutundikia nguo, akauingiza, ukagota. Akasukuma tena, ukagota palepale. Alipoutoa, ncha ilikuwa imenasa nyuzi za katani. Fundi cherehani mzima aliona uzi, hakujiuliza umetoka kwenye nguo gani. "Ndani hakuna atakayechungulia," akasema. "Tung'arishe nje." Na mimi niliziona zile nyuzi. Nilikuwa nataka tu amalize.

Alhamisi mchana alitoka kupeleka sare za watu. Mimi nikaona nimalize kazi mwenyewe, ili akirudi alipake mafuta aondoke nalo siku ileile. Nikausugua mtutu kwa sabuni na jivu, nikausuuza kwa nje. Sasa kutu mimi naijua kwa vyombo vya jikoni. Kikaango cha chuma ukikiacha na maji, kesho kimeshika kutu. Dawa yake ni moto: unakiweka jikoni maji yakauke yote, ndipo unapaka mafuta. Basi mtutu nao nikaulaza juu ya jiko la mkaa, upande mnene kwenye moto, mdomo umetokeza nje.

Ule mdomo ukanitazama. Nikaugeuzia mlangoni, nikaogopa atakayeingia. Nikaugeuzia dirishani, jirani yuko palepale na nguo zake. Mwisho nikaugeuzia ukuta wa mbao wa chumba cha Chiriku, maana mwenyewe yuko shule. Nikakaa. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumanne kukaa nikatulia.

"Mama! Tumeachiwa mapema, walimu wana kikao!"

Sauti ilitoka nyuma ya ule ukuta. Alikuwa amepitia mlango wa mbele. Sikujua kama mtutu una kitu ndani, nisijisifu. Nilichojua ni kwamba tundu linamtazama mwanangu. Nikarusha mguu, nikalipiga jiko teke. Lilipinduka, mdomo ukainama, na papo hapo pakalipuka. Moshi mweupe, makaa kila mahali, masikio yangu yanalia. Halafu kimya nyuma ya ukuta. Kwa mtoto yule, kimya.

Nilimkuta sakafuni, sare imelowa damu kuanzia goti kushuka. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama kama ananiuliza nimemfanya nini.

Hospitali walitoa vipande vitatu vya chuma kwenye shavu la mguu. Cha nne kimekaa karibu na mfupa, wamekiacha. Nilimuuliza daktari kama kitashika kutu mle ndani. Hakunicheka. Alisema tutakuwa tunarudi wakitazame.

Afande aliyekuja nyumbani alimwambia mume wangu, "Mzee wako alilipandisha darini likiwa limeshindiliwa tayari, baruti, vipande vya chuma na katani ya kuzibia. Kutu inakula chuma, baba. Baruti haili. Mngeliacha lilivyo na mkatuita, tungelifuata sisi." Mume wangu alikuwa amekaa kwenye cherehani, anakanyaga pedali, hakuna nguo.

Imepita miezi miwili. Chiriku anachechemea, lakini mdomo umerudi. Jana wifi akapiga simu, nikaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Wifi, mafundi wamerudi kumalizia dari, wamekuta kikopo cha marehemu. Kizito hicho! Kifuniko kimeshika kutu tu, nimekaa hapa jikoni nakigongagonga kifunguke."

"Wifi, acha!"

"Si bunduki jamani, ni kikopo. Nyie nanyi kwa woga!"

Nikafuta unga kwenye kanga niichukue simu. Aliyeshika simu ni Chiriku, amesimama kwa mguu mmoja. "Shangazi, kiweke chini. Usikigonge. Toka nje na wote mliomo humo, halafu umpigie afande. Shangazi, umetoka?"

Tukasikia kiti kinasukumwa. Tukasikia viatu. Tukasikia mlango.

"Nimetoka," wifi akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nenda mbele zaidi," Chiriku akamwambia. "Bado nasikia sufuria yako inachemka."