Maziwa ya Babu Ng'ambo ya Songwe

Tumpe alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, Kawetele, akimenya ndizi za mchana, wakati yai liliporuka kutoka kwenye kikapu cha jirani yake Hellen aliyekuwa akipita na kumpiga Atupele, binti wa Tumpe, kofi la shavu la kushoto. Mtoto akaangukia maganda. Yai lilikuwa linageukia shavu la pili Tumpe alipolidaka, akalifuta matope kwa pindo la kanga na kulirudisha kikapuni. Alimwomba Hellen afunike. Hellen akasema samahani sana mama Atupele, leo nimesahau kitambaa, akavua kilemba chake, akafunika nacho mayai, akaendelea na safari yake ya sokoni kichwa wazi.

Jambo hilo halikuwa geni. Atupele alikuwa na miaka minne, na vyakula vilikuwa vinampiga tangu alipoachishwa ziwa. Kila kimoja kilikuwa na namna yake. Mayai yalipiga makofi. Karanga zilijirusha zenyewe kama mawe, nazo zilipenda kulenga macho. Samaki walichanja, hata wale wakavu, hata dagaa, na alama zao zilijaa miguuni mwa mtoto kama chale za mganga aliyelewa. Maziwa ndiyo yalikuwa mabaya kuliko vyote, kwa sababu maziwa hukaba. Sufuria nayo, ikishawahi kupika samaki, hubaki na hasira yake hata uisugue kwa mchanga, kwa hiyo Tumpe alikuwa na sufuria ya mtoto, mwiko wa mtoto na kisu cha mtoto, vyote vimefungwa uzi mwekundu.

Daktari wa mjini Tukuyu, aliyehamishiwa kutoka Bukoba, alisema huo unaitwa mzio. Alikunja mkono wa shati akaonyesha kovu aliloachiwa na senene kwao alipokuwa mdogo. Dawa yake, alisema, ni kukaa mbali. Basi watu wa Kawetele walizoea. Mtu akimwona Atupele anakuja njiani, hufunga maziwa yake kama anavyofunga mbwa mkali, wakasalimiana, maisha yakaendelea.

Mume wa Tumpe aliitwa Jairo. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai mpaka kiwanda kilipouzwa na makarani wakaambiwa wakapumzike nyumbani. Siku zile kila biashara ilikuwa imeruhusiwa, akaanza kuuza mitumba, na mitumba ikamkubali. Sasa alikuwa na kibanda chenye bati jipya. Mwanamume mwenye kibanda, alisema, huenda likizo kama maafisa wanavyoenda, tena huenda nchi ya nje.

Nchi ya nje yenyewe ilikuwa nyumbani kwa baba yake. Mzee Ambindwile hakuwahi kuhama popote. Ni Mto Songwe, ulio mpaka wa nchi, uliohama. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mto uliacha njia yake ya mbele ya nyumba ukapita nyuma, na kulipokucha mzee alikuwa Malawi yeye na migomba yake na ng'ombe wake, na choo peke yake kimebaki Tanzania. Alichimba choo kingine akaendelea kupalilia.

Mzee alikuwa hajamwona mjukuu wake. Alituma maneno kwamba yuko ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, na maziwa yake yanagandishwa kwenye kibuyu kwa ajili ya Atupele. Mjukuu akifika mara ya kwanza hunyweshwa na babu kwa mkono wake, kwenye kikombe chake, mbele ya wazee wa rika lake. Hiyo ndiyo desturi. Na anayekataa kikombe hicho amesema, bila kufungua mdomo, kwamba ndani kuna kitu. Akishasema hivyo, mzee huyo hawezi tena kukaa na wenzake. Watamwita mchawi mpaka afe.

Tumpe alisema hawaendi. Jairo akasema vyakula vya kule havimjui mtoto.

"Maziwa ni maziwa, baba Atupele."

"Haya ya Malawi yatamjulia wapi?"

Tumpe akamwambia basi, kama ni lazima kwenda, amweleze baba yake mapema, kwa adabu, wawili tu, kwamba mtoto ana mzio. Jairo akakubali. Ilibidi aseme yeye, kwani Tumpe asingeweza. Mwanamke wa Kinyakyusa humwogopa baba mkwe wake: hakutani naye, hamtazami usoni, hamtaji jina, haingii alipo. Nyumba nyingi za kanisani zilikuwa zimeiacha desturi hiyo. Mzee Ambindwile alikuwa mzee wa kanisa na hakuiacha. Miaka yote ya ndoa Tumpe alikuwa anaujua mgongo wake na kikohozi chake tu.

Waliteremka kwa lori la mchele mpaka bondeni, wakavuka mto kwa mtumbwi, wamebeba mkungu wa ndizi, viazi, magimbi, maharage, na vyombo vyenye uzi mwekundu. Kule kulikuwa na joto la Desemba na mbu. Dada yake Jairo, Ikupa, ambaye ndiye aliyemtunza mzee, aliwapokea vizuri, akawapa chumba cha jiko la zamani nyuma ya uzio wa matete, ili Tumpe asikutane na mkwe. Samaki wa ziwa walikuwa wamening'inizwa juu ya moshi. Walipomwona Atupele walianza kujinyonganyonga kwenye kamba, na mmoja akakatika, akamchanja begani kabla Tumpe hajamkanyaga kichwa. Tumpe akaomba samaki wahamishwe. Ikupa aliwahamisha, lakini huku amevuta mdomo. Alipoona wifi yake anapika magimbi kwenye sufuria yake mwenyewe, hakuvumilia.

"Kwenu Tukuyu mnakula nini, wifi? Mvua?"

Wanawake wa jirani waliokuwa jikoni wakacheka, na Tumpe akacheka nao, maana alikuwa mgeni.

Jioni akamuuliza mumewe kama amesema. Jairo akajibu amesema. Tumpe akauliza mzee amejibuje, akaambiwa amekubali, hana neno.

Jairo hakuwa amesema. Alikuwa amekaa na baba yake mchana kutwa barazani, wakazungumza habari za mchele, za mitumba, za mto ulivyo mkorofi. Kila alipofungua mdomo kutaja maziwa, aliona mkono wa baba yake ulivyotulia juu ya goti, akafunga. Kumwambia baba yako mwanangu asinywe ulichomwekea, hata ukikizungushia maneno ya hospitali, ni kumwambia baba yako ana sumu. Jairo akafikiri labda kweli maziwa ya huku hayamjui.

Jumapili baada ya ibada wazee wa rika wakaja, kila mmoja na kigoda chake. Mmoja wao, Lukasi, alikaa mbele kwa sababu goti lake halikunjiki. Atupele aliogeshwa, akavishwa gauni la mtumba lenye utepe mgongoni, akapelekwa barazani na baba yake. Tumpe alibaki nyuma ya uzio, anatwanga mpunga ambao hakuna aliyeuhitaji haraka, akichungulia kati ya matete. Kutoka pale aliona miguu ya wazee na nguzo ya baraza. Alimwona mtoto. Akaona kibuyu kinatikiswa.

"Mjukuu wangu, kunywa," mzee alisema. "Mkono wa babu hauna kitu."

Atupele alimtazama baba yake. Jairo akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akapiga goti, akanywa.

Maziwa yalishuka, yakakaa kidogo, kisha yakarudi juu. Yalitokea kinywani yakiwa mkono, mweupe, mnene, wenye kiwiko na vidole, ukajikunja ukamshika mtoto shingo. Ulimwinua kutoka sakafuni. Ukambamiza kwenye nguzo, mara moja, ukangoja, ukambamiza tena, na utepe wa gauni ukafunguka. Wazee walisogeza vigoda vyao nyuma ili kutoa nafasi. Lukasi akasema kwa heshima kwamba maziwa ya ng'ombe huyu yana nguvu.

Jairo alimngoja baba yake. Huinui mkono juu ya kitu ambacho baba amekitoa. Mzee Ambindwile alimngoja mwanawe, maana mtoto ni wa baba yake, na babu akimnyang'anya kikombe mjukuu amekubali kwamba kikombe kina ubaya. Wakangojana hivyo, wote wawili wamekaa wima, na uso wa mtoto ukageuka rangi ya zambarau, kisha rangi ya majivu.

Tumpe alimwita mumewe kupitia matete. Akamwita tena. Kisha akachukua mchi, akauvunja uzio kwa bega, akajifunika kanga kichwa chote ili asimwone mkwe, akaingia barazani kipofu, akipiga.

Pigo la kwanza lilipasua nguzo. La pili lilimpata Lukasi kwenye goti lile lisilokunjika, likakunjika. La tatu lilivunja kibuyu. Tumpe akaona kwamba hivi atamuua mtoto yeye mwenyewe, akavuta kanga akaitupa.

Basi alimwona baba mkwe wake. Alikuwa na uso wa Jairo, uliokauka, na chunjua kando ya pua. Mzee akageuza uso ukutani upesi, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa desturi.

Tumpe alipiga mkono wa maziwa kwenye kiwiko. Ulilegea lakini haukuachia. Aliupiga kifundo, ukatoa sauti ya gogo lililooza. Ukamwachia mtoto, ukamrukia yeye, ukampiga ngumi ya mdomo iliyong'oa jino, naye akaukandamiza chini kwa goti, akauponda kidole kimoja kimoja kama anavyoponda karanga mtu asiye na mtoto mwenye mzio. Maziwa yalitapakaa sakafuni. Yalitetemeka, yakajikusanya, yakajikokota mpaka kwenye kikombe cha mzee yakaingia. Mzee, bado ameangalia ukuta, akapapasa kifuniko akakifunika.

Hapo ndipo walipoanza kumpiga Tumpe.

Walimpiga kwa kumwona mkwe, na kwa goti la Lukasi, na kwa uzio. Ikupa alikuja na kuni. Wanawake wa jirani, wale waliocheka naye jikoni, walikuja na miiko, na mmoja akaja na mpini wa jembe, akauliza kwanza ni nani anapigwa. Jairo alivua mkanda wake wa mtumba, mpana, wenye chuma kizito, akapiga kwa upande wa chuma. Alikuwa analia. Hakuna aliyepiga kwa fujo, mtu akichoka alimpisha mwenzake.

Tumpe hakuwatazama. Mtoto alikuwa bado hapumui. Alilala juu yake kama kuku juu ya vifaranga, mgongo wake ukabaki wa kupigwa, akampanua mdomo akaangalia. Kidole kimoja cha maziwa kilikuwa kimebaki kooni, kimejikunja kama ndoano. Akaingiza vidole vyake viwili. Kuni zilipotua mbavuni, mkono uliteleza, akaingiza tena. Chuma cha mkanda kilipompata juu ya jicho, damu ikaliziba, akaendelea kwa kupapasa. Ubavu mmoja ulivunjika akausikia. Kidole kikamuuma. Akakizungusha, akakivuta, kikatoka kirefu, akakitemea mate akakitupa uani, ambako kuku walikidonoa, wakakiacha.

Atupele akavuta pumzi. Ilisikika kama msumeno kwenye mbao mbichi. Akavuta ya pili.

Waliendelea kumpiga mama yake mpaka walipomaliza.

Alasiri wazee walikaa kikao. Ilionekana kwamba macho ya Mzee Ambindwile yametiwa doa na lazima yatakaswe kwa fahali, na Jairo abaki mpaka jambo liishe. Lukasi akandwe goti kwa maji ya moto. Habari ya maziwa ililetwa na mzee mmoja mwishoni, wakaijadili, wakaona maziwa yamefanya kazi ya maziwa. Ikupa aliyachuja, akayachemsha, akayatia kwenye chai ya wageni. Wote walisema ni matamu. Mzee alikunywa vikombe viwili mbele ya wenzake, mkono umetulia, na hakuna aliyemtilia shaka tena.

Jairo alimletea mkewe chai ya rangi nyuma ya uzio uliobomoka. Alikaa karibu naye.

"Kwa nini hukusema?" Tumpe aliuliza.

"Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Tumpe alisema yeye angesema mtoto asinywe. Jairo akafikiri sana, akajibu kwamba ndiyo maana wanawake hawazungumzi na baba mkwe.

Asubuhi Tumpe alimfunga Atupele mgongoni, upande usiovunjika, akauacha mkungu wa ndizi, akavuka mto. Mpakani alikuwapo afisa kijana aitwaye Fulgence, mtu wa mbali, mpole, shati limepigwa pasi. Alimwinua mtoto kidevu kwa kalamu akatazama shingo.

"Maziwa?"

"Maziwa."

"Mabichi au ya mgando?"

"Ya mgando."

Fulgence akasikitika. Alisema ya mgando yana vidole vinene. Akauliza ng'ombe ana rangi gani, na amechanjwa au la, na anamilikiwa na nani, akasema atawaarifu watu wa mifugo leo hii, maana jambo kama hili likiachwa hivi hivi linaweza kuvuka mto. Akamwita mwenzake aje aone. Wote wawili wakampa mtoto pole, na mwenzake akaondoa chai yake ya maziwa mezani, akaipeleka chumba cha pili na kufunga mlango kwa ufunguo. Ndipo Fulgence alipoutazama uso wa Tumpe, jicho lililofumba, pengo, na namna alivyokuwa amesimama ameinama upande mmoja.

"Na wewe, mama? Ni maziwa pia?"

"Hapana. Mimi nilipigwa na watu."

"Aa, watu," Fulgence alisema, akagonga muhuri, akamwita aliyefuata.