Mashine Tatu Mbovu

Mwezi ule nilizirudisha mashine tatu za presha kwa fundi, kila moja nimeibandika karatasi: "Mbovu." Sisi wauguzi wa wodi yetu, kabla ya kuwapima wagonjwa, tunaijaribu mashine kwenye mkono wetu wenyewe. Na zote tatu zilinipa vichekesho: mia mbili na kumi kwa mia moja thelathini! Mtu wa presha hiyo hasukumi toroli la dawa, yuko hoi kitandani.

Asubuhi moja fundi akaja wodini amefura, mashine zote mkononi.

"Dada, hizi zina kosa gani hasa?"

"Waulize waliozitengeneza," nikamjibu.

Akakunja shati, akajipima. Mia na ishirini kwa themanini. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Akanifunga mimi. Mia mbili na kumi na nne. Nikacheka. Akabadilisha mashine, namba ikapanda. Fundi yule, aliyekuja amefura, akanivutia kiti. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Haiwezekani! Mimi natembea kutwa nzima!"

Na niliamini hivyo, jamani. Wagonjwa nawahimiza watembee nusu saa kwa siku. Mimi naizunguka wodi kwa saa kumi na mbili mfululizo, wagonjwa arobaini, wauguzi wawili, chai nakunywa nimesimama. Nikajiona mwanariadha.

Daktari aliitwa. "Hayo si mazoezi, dada. Huko ni kukimbizwa. Ukifika nyumbani unafanya nini?"

"Nalala na viatu."

Akaniandikia wiki mbili za mapumziko, akanilaza kwenye kitanda pekee kilichokuwa wazi. Nilikuwa nimekitandika mwenyewe saa moja kabla, baada ya kumtoa mama mmoja aliyefariki kwa kiharusi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kama mimi.

Matroni akaja mbio na daftari la zamu.

"Pole, mdogo wangu. Lakini nitamtoa wapi mtu saa hizi? Nisaidie mpaka saa nane tu."

Ingekuwa jana, ningeinuka. Nilimvuta mkono, nikamfunga mashine bila kumwomba ruhusa. Kabla hajabisha, ikaanza kuvuma. Mia moja tisini na nane.

Alizisoma namba mara mbili. Akaliweka daftari sakafuni, akakaa pembeni yangu. Miaka kumi na tisa kazini, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Matroni amekaa.