Kidonge na Patasi

Binti wa seremala aliingia jikoni akamkuta baba yake ameinamia meza, patasi mkononi, anapasua kidonge chake cha moyo kwa makini kama anachonga mguu wa kiti. Pembeni kaketi kinyozi wa mtaa wa pili, rafiki yake tangu utotoni, kiganja wazi, anasubiri.

"Baba, unafanya nini?"

"Namkatia mwenzangu. Na yeye moyo unamsumbua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," kinyozi akadakia huku akitabasamu. "Baba yako hana choyo."

Damu ilimchemka binti. Mwaka mzima yeye ndiye anayempeleka baba kliniki, anamwapia daktari kwamba dawa zinamezwa kila siku. Na daktari, akiona moyo hautulii, ameshaongeza dozi mara mbili!

"Kumbe dozi inaishia kwa kinyozi!" Akamgeukia kinyozi. "Na wewe, mzee wangu, nani amekupima?"

"Mimi na baba yako dalili zetu ni zilezile."

"Kwa hiyo mioyo yenu ni pacha?"

"Basi, yaishe," baba akasema kinyonge. "Kuanzia leo nitameza kizima."

"Thubutu! Hicho kizima daktari alikipandisha dozi bila kujua unameza nusu. Vaeni viatu, tunakwenda kliniki sasa hivi, mkamweleze kwa midomo yenu."

"Lakini sisi tumegawana kila kitu tangu wadogo," baba akalalamika.

"Haya. Na mkifa, mtakufa nusu nusu?"

Kinyozi akakirudisha kipande chake mezani, polepole, kando ya patasi.