Asali ya Mwingi

Tangu Kalekye ashuke Kayole kuja kumwangalia Amondi, mke wa mwanawe mwenye mimba, hakuna mlo uliopita salama. Alikitazama kisahani cha Amondi: sukuma tele, kipande cha samaki, na ugali usiozidi ngumi. Akasonya.

"Hiki ni chakula cha kuku mgonjwa. Mjukuu wangu atatoka kijiti."

Amondi aliendelea kula. Kliniki walimwambia ana sukari ya mimba, na masharti aliyashika kama mtu mwenye sababu ya kuogopa. Mkate na soda alivipa talaka. Kila baada ya mlo alitembea hadi stejini kwa matatu na kurudi. Hata hivyo kimashine cha kupimia sukari ya damu kilizidi kumsuta. Muuguzi akamtupia jicho na kumwuliza mandazi anayala wapi. Munyao, mumewe, karani anayejua kila kitu isipokuwa mimba, akapekua uvungu wa kitanda akitafuta karatasi za biskuti. Amondi alimdharau siku hiyo mpaka akamwonea huruma.

Uji wa wimbi wa mama mkwe ndio tu hakuushuku. Ulikuwa mtamu, kweli, lakini Kalekye aliapa hajatia sukari, naye ni mama wa kanisa. Basi Jumamosi Amondi akaingia jikoni bila kubisha, akamkuta ameinamisha kidumu juu ya sufuria, asali inateremka taratibu.

"Mama, si uliapa?"

"Sukari sijatia. Hii ni asali ya kwetu Mwingi, ni dawa. Sukari ni ile ya dukani. Nyinyi watu wa ziwa mtajulia wapi nyuki?"

Amondi alicheka kicheko kibaya. Kumbe amesimangwa kote huko kwa ajili ya kiburi cha nyuki.

"Damu haiulizi utamu umetoka Mwingi au dukani, Mama. Yote ni sukari."

"Nimelea mimba saba kwa asali. Hata ile yako ya kwanza nilikuletea, na mtoto si alikuwa mnono? Kilo tano. Wadi nzima ilikuja kumtazama."

"Walikuja kumtazama kwa sababu alikuwa amekufa," Amondi akasema. "Alikwama mabega. Ni huo unono, Mama. Na wakati ule hakuna aliyenipima sukari."

Kalekye alisimama na mwiko mkononi. Huo unono aliusimulia Mwingi nzima kama sifa ya ukoo. Akafunga kidumu, akamwaga uji wote kwenye sinki, yeye ambaye hugombeza mtu kwa kumwaga maji ya kunde.

Jioni alipika mwenyewe. Aliukata ugali, akauweka kando ya ngumi yake, akaupunguza. Bado hakuridhika.

"Nipe ngumi yako," akasema, bila kumtazama Amondi usoni.