Mabenchi Sita

Mabenchi sita yalipanda mkokoteni. Petro wangu hakupanda.

Ilikuwa mwaka 1974, siku tuliyohamishiwa kijiji kipya karibu na Misigiri. Nyumba yetu ya tembe ilikuwa imeshabomolewa. Petro alikuwa na miaka miwili, mwili unamchemka kwa homa, na zahanati ilikuwa huko huko tunakokwenda.

"Shikamoo mzee," nilimwambia Zefania, mzee wa kanisa, mwenye mkokoteni uliobeba mabenchi ya kanisa. "Shusha benchi moja tu, nimlaze mtoto."

"Marahaba. Hii ni mali ya Bwana, mama Petro. Mungu anakupima. Vumilia."

Alute, aliyeshika ng'ombe, akaguna. "Mabenchi hayana homa, mzee."

"Wewe swaga ng'ombe!"

Nikatembea nyuma yao, Petro mgongoni, vumbi la magurudumu likinijaa mdomoni. Mabenchi yalikuwa yamelazwa kichwa chini, miguu ishirini na minne imeelekea juu kama mbuzi waliokufa. Tulipokaribia kufika, joto mgongoni likapungua. Nikafurahi. Mjinga mimi, nikadhani homa imeshuka.

Kaburini Zefania alifunua Biblia kwa kidole alichokilowesha mate. Alikuwa ameoga, shati limenyooka. "Mungu huruhusu mateso ili atufundishe," akasema. Watu wakaitika Amina. Na mimi nikaitika. Hapo ndipo ninapojidharau kuliko ninavyomdharau yeye: Amina yangu ilisikika kuliko za wote.

Lea mwanangu, huyo ndiye kaka yako usiyemjua. Nakuandikia kwa sababu nasikia mtoto wako ana homa siku ya tatu, na wewe umekaa tu, eti unangoja Mungu aonyeshe kusudi lake. Mimi Mungu namwamini. Yapo mateso nitakayomwuliza mwenyewe nikifika, kama ule ukame uliotumalizia mtama. Ya Petro sitamwuliza. Mungu alishatoa ng'ombe wawili wenye nguvu na njia kavu. Mbao tulipakia sisi. Mpeleke mtoto hospitali leo, usingoje Jumapili. Na atakayekwambia vumilia, mtazame kwanza amepakia nini.

Zefania alishakufa. Mabenchi yapo, yanang'aa kwa kukaliwa. Mimi kila ibada natandika kanga yangu sakafuni. Wageni wakiniona hunong'onezana: mama yule, jamani, ni mnyenyekevu.