Kadi Nyekundu ya Shemeji

Kazi yangu ni kuosha mabanda ya mbwa waliookotwa. Yako kumi na mawili, sita huku na sita kule, mfereji katikati. Asubuhi nawatoa mbwa uani, nakwangua, namwaga dawa, napiga brashi, namalizia na mpira wa maji. Kisha nawapelekea alichopika mpishi, uji mzito wa unga na mifupa. Asiyekula namwambia daktari wa mifugo, naye anaandika. Wakubwa kazi yao kuandika.

Mke wangu alikufa hivyo hivyo. Tulikaa kwenye benchi la hospitali toka alfajiri hadi saa tisa, jina lake limeandikwa vizuri kabisa, daktari mkubwa yuko mkutanoni. Sitaki kuyarudia.

Alipokuwa hai aliniletea chakula cha mchana. Tulikalia ndoo mbili zilizofudikizwa mbele ya banda la tisa, na mbwa wa humo, mweusi, mzee, mguu mmoja wa nyuma mbovu, nikimfungulia anakuja kulala juu ya miguu ya mke wangu. Siku moja mke wangu akasema, "Huyu ni kaka yangu. Ukinionea, atakuuma."

Nikamwambia ni kweli, mashemeji zangu wote ndivyo walivyo, huwaoni mpaka wakati wa kula. Toka hapo jina likawa Shemeji.

Baada ya mazishi watu walikuja wiki mbili, kisha kila mmoja akarudi kwake. Nikabaki na Shemeji. Hapa kazini hakuna mwingine aliyemjua mke wangu kwa karibu.

Kila banda lina kadi mlangoni. Ya kijani maana yake mbwa ni mpole, anaweza kuchukuliwa. Nyekundu, anauma. Jumamosi watu huja kuchagua, na mbwa akipata kwao sisi tunafurahi, ndiyo maana ya kituo. Lakini Jumamosi moja mama mmoja alisimama mbele ya banda la tisa muda mrefu mno, akamwita mumewe aje aone. Hawakumchukua, ila mimi sikulala. Jumatatu nikaingia stoo nikatoa kadi nyekundu, nikaitundika banda la tisa. Shule sikukaa sana, lakini rangi nazijua. Miezi mitatu watu walikuwa wakifika pale wanaficha mikono na kupita.

Ningemchukua mwenyewe. Fomu yao inataka nyumba yenye uzio na sahihi ya mwenye nyumba. Mimi nina chumba kimoja, na mwenye nyumba wangu hata paka hataki. Waliotunga fomu hiyo wote wana uzio.

Akaja meneja mpya. Mpishi alimwita Mama Karatasi, kwa kuwa mabandani hakanyagi, anabandika matangazo tu. Moja alilibandika mlango wa jikoni, nikalipita siku tatu. Jumatano mpishi akaniuliza, "Umeshamuaga shemeji yako?"

"Anakwenda wapi?"

"Si lile tangazo? Nafasi zimejaa. Wenye kadi nyekundu wote Ijumaa wanadungwa ile sindano ya kutoamka."

"Na wewe ukakaa kimya."

"Nilijua umesoma." Akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Nisamehe, kaka."

Nilijipalia makaa kwa mkono wangu, nakubali. Lakini habari ya kuua inabandikwa mlangoni kama bei za soda? Mtu huambiwa kwa mdomo.

Nikaenda ofisini kwa meneja na mabuti yangu ya maji.

"Mbwa wa banda la tisa haumi," nikasema nikiwa bado mlangoni.

"Karibu ndani, mzee wangu. Kadi yake inasema anauma."

"Kadi niliweka mimi."

"Alimuuma nani?"

"Hajamuuma mtu."

Akaweka kalamu chini. "Sasa uliiweka ya nini?"

"Ili asichukuliwe."

Nilingoja afoke. Majibu nilikuwa nimeyapanga toka jikoni, pamoja na ya hospitali. Hakufoka, na majibu yangu yote yakakosa kazi.

"Kwa maneno matupu siwezi kuibadili," akasema. "Apimwe leo. Akifaulu, anahamia banda la kwanza, pale getini. Mbwa mzee akiwa nyuma hachukuliwi. Unanielewa, mzee wangu?"

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa sana.

Kipimo chao ni mkono wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo. Mbwa akiwa anakula, daktari anauingiza bakulini na kulivuta bakuli. Akiuuma, basi. Shemeji aliutazama ule mkono, akanitazama mimi, akarudi nyuma akaketi, kama mwenyeji anayempisha mgeni ale kwanza.

"Ana adabu kuliko kamati nzima ya kituo," mpishi akaninong'oneza. Nikacheka. Daktari akatundika kadi ya kijani, kicheko kikanikauka.

Jumamosi akaja dereva mstaafu na binti yake. Yule mzee hakufika hata banda la pili.

"Huyu hana haraka," akasema.

"Mguu wake mmoja mbovu," nikamwambia.

"Yangu yote miwili."

"Usimwogeshe maji ya baridi. Na anapenda kulalia miguu ya mtu, msimfukuze."

"Miguu yangu sasa kazi yake ni hiyo tu, ndugu yangu. Alale."

Nilimtafutia kosa yule mzee, sikuliona. Akatia sahihi, binti akashika kamba. Walipofika kwenye gari Shemeji akaketi chini. Binti akavuta, mkanda wa shingoni ukampanda hadi masikioni, bado amekaa. Meneja akatoka ofisini kutazama.

"Usimvute, mwanangu," nikasema.

Nikafungua mlango wa nyuma nikaingia mimi. Shemeji akasimama, akapanda taratibu kwa ule mguu wake, akakaa kando yangu akihema, binti akafunga mlango nyuma yake. Dereva alikuwa ameshika usukani anatazama mbele, hakunihimiza. Nilikaa kidogo. Kisha nikajisogeza hadi upande wa pili, nikatokea mlango wa kule, nikaufunga polepole asishtuke.